Mwanafunzi wa Uhandisi Ujenzi Aende Katavi Masika

Kila mtaala wa uhandisi ujenzi unapopitiwa upya, kuna hoja inayorudi mezani: mwanafunzi ashibishwe kwanza hesabu, mekanika na programu za usanifu, udongo na mvua atavikuta kazini. Wenye hoja hiyo hutukumbusha kwamba Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu wa kuwanoa wahitimu, hivyo chuo kisijitwike mzigo wenye mwenyewe. Nasema tu kwamba mpango huo hauzibi pengo la udongo na mvua, kwa kuwa mkandarasi anayempokea mhitimu naye hushindilia tuta kiangazi.

Hapo ndipo penye kasoro. Mafunzo kwa vitendo yapo, lakini tumeyaweka kwenye likizo ndefu, kati ya Julai na Septemba. Katavi mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Mwanafunzi aliyepangiwa Mpanda, mkoani humo, anaukuta Mto Katuma umebaki vidimbwi, viboko wamebanana kwenye tope ndani ya Hifadhi ya Katavi, na udongo mweusi wa mbugani umepasuka nyufa za kupitisha mkono. Akichimbua bonge, ni gumu kama tofali. Januari bonge lilelile limevimba, linang'ang'ania buti, na lori likizama hapo halitoki bila kuvutwa. Huyu kijana amesoma nusu ya udongo, na tumempa alama zote.

Nitajibiwa kwamba maabara inatosha: sampuli hulowekwa siku nne kabla ya kupimwa CBR, yaani nguvu ya udongo kubeba mzigo, kwa hiyo masika yameshaletwa mezani. Hoja hii ina uzito, ila wanaoitoa hawajausoma vizuri mwongozo wetu wa usanifu wa tabaka za barabara wa 1999, kitabu ambacho, kama ningekuwa na mamlaka, kila mwanafunzi angelala nacho. Wengi huchukua humo madaraja ya udongo, S3, S7 na S15, wakafunga. Lakini mwongozo huo hutenganisha maeneo makavu na yenye unyevu, na udongo unaovimba huupa nafasi yake, kwa sababu hauulizi nguvu peke yake. Unauliza maji yako wapi. Chini ya lami, katikati ya barabara, unyevu hubadilika kidogo. Pembeni udongo hulowa na kukauka kila mwaka, hupanda na kushuka, ndiyo maana nyufa ndefu huanzia karibu na bega. Beseni la maabara halina bega la barabara. Wala halionyeshi maji yanapita njia gani kulifikia tuta, au mtaro uliochimbwa karibu mno unavyoyalisha maji hayo chini ya lami.

Mfano wa njia hiyo ya maji ni reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi, inapita kwenye maeneo oevu ya Ugalla. Kalavati ambalo huko Septemba linaonekana ni ufujaji wa pesa, Februari ndilo swali lenyewe la mtihani.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba masika wakandarasi husimamisha kazi za udongo, njia ni hatari, na mwanafunzi atakaa bure. Kuhusu hatari nakubali. Kuhusu kukaa bure, hapana: ofisi ya wilaya ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, haina likizo ya mvua, maana ndipo barabara hukatika, mitaro huziba na drifti hufurika. Kupima alama ya maji kwenye nguzo ya daraja ni kazi ya asubuhi moja, tena haihitaji mkandarasi. Basi tumege wiki tatu za mafunzo ya kiangazi, tuzipeleke kwenye mapumziko kati ya mihula, mvua ikiwa bado inanyesha. Malazi yazungumzwe na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), ambao tayari wana Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani humo.