Salamu Kwanza, Picha Baadaye

(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika la hapa, mbele ya familia zilizokimbia vita na viongozi wa mitaa, Bukavu)



Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo wengine wanaliona dogo. Mtu usiyemjua anakukuta barabarani, anainua simu, anakupiga picha, anaenda zake. Linatokea Place Mulamba, linatokea katika soko la Kadutu, kwa mama anayeuza sambaza na kwa kijana anayebeba mizigo. Wapigaji ni wageni, ni watu wa mashirika kama sisi, ni majirani pia.

Kwa aliyekimbia vita, jambo hilo si dogo. Wengi wenu mlitoka Kalehe, Shabunda, Mwenga na Fizi. Wako wasiotaka ijulikane wanalala wapi, kwa sababu aliyewatesa bado anawatafuta. Picha iliyotumwa leo kwa WhatsApp inaweza kufika kesho katika kijiji kile kile mlichokimbia. Tangu mapigano yalipofika Bukavu Februari 2025, kila mmoja wetu anaelewa hatari hiyo.

Hatusemi kwamba picha ni adui. Mmarekani Brandon Stanton alianza mwaka 2010 kupiga picha za watu katika barabara za New York. Mwaka 2014 alifika hata Kongo, katika safari aliyoifanya pamoja na Umoja wa Mataifa. Yeye anaomba ruhusa, anaongea na mtu juu ya maisha yake, kisha anatoa picha pamoja na maneno ya mtu huyo. Anayetazama haoni mateso peke yake. Anaona mzazi, fundi, mwanafunzi. Lakini picha zake zinatazamwa na mamilioni, na si kila mtu hapa anaweza kuonyesha uso wake.

Kwa hiyo tunaomba haya:

1. Anayetaka kupiga picha asalimu, ajitambulishe, aseme picha itaenda wapi.

2. Anayekataa aachwe kwa amani, wala asinyimwe msaada. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu.

3. Mtoto asipigwe picha bila ruhusa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe aulizwe.

4. Anayetaka kusema bila kuonyesha uso, mikono yake ipigwe, au sauti yake iandikwe bila jina wala kijiji.

Viongozi wetu, msipange watu mstari mbele ya kamera kabla hawajaulizwa. Anayeogopa kuachwa kwenye orodha ya msaada hawezi kukataa mbele yenu.

Katika mji wetu mwenyeji anamshuku mgeni kuwa mpelelezi, na mgeni anamwogopa mwenyeji. Mazungumzo mafupi yanapunguza woga huo, hata kama hakuna picha itakayopigwa. Mkirudi kwenye avenyu zenu, pelekeni jambo hili katika mkutano, wahamiaji na wenyeji wakae pamoja, mkubaliane.