Mgeni Uwanjani na Haki ya Mwenyeji: Maoni ya Shabiki juu ya Wachezaji, Makocha na Kanuni ya Watano



Nimetakiwa na waandalizi wa semina hii niseme machache juu ya kanuni ya wachezaji wa kigeni katika Ligi Kuu ya Kenya; na ingawa mimi si kocha, wala si mwanasheria, wala sikujaaliwa kucheza kabumbu kupita daraja la mtaani, nimeitikia wito kwa kuwa kanuni hii, inayoruhusu kila klabu isajili wageni watano wala isizidishe, aghalabu hutungwa na kutenguliwa pasipo kuulizwa yule anayetoa kiingilio mlangoni, anayepanga foleni ya kuingia uwanja wa Nyayo juani, na ambaye timu ikifungwa hurudi Kangemi kwa miguu akiwa hana sauti.

Mwenye kupita bustani ya Jeevanjee adhuhuri, saa ile makarani wa mjini wanapotoka afisini kutafuta kivuli, hukuta chini ya miti makundi ya watu wakihojiana siasa, na hiyo ni ada ya mahali pale tangu zamani. Lakini apite Jumatatu baada ya debi ya Mashemeji, Gor Mahia na AFC Leopards wakiwa wametoka kuonana, naye atasikia siasa imewekwa kando na hoja iliyo mezani ni mgeni. Hapo hadhira hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza hudai kwamba kila Mganda, Mrundi au Mnyarwanda anayevaa jezi ya klabu ya Nairobi amemnyang'anya kijana wetu riziki yake, na kwamba hata watano ni wengi. Fungu la pili huelekeza kidole kusini, Tanzania, ambako kanuni imepanuliwa hata kufika wageni 12 kwa klabu, na Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, kisha Simba nao wakaifikia mwaka 2025, ilhali sisi kombe la bara tulilibeba mara ya mwisho mwaka 1987. Mimi nimeyasikiliza mafungu yote mawili kwa miaka mingi, na ninaona kwamba yote mawili yana kosa moja, nalo ni kuhesabu vichwa. Kanuni inauliza wageni ni wangapi. Haiulizi kama mgeni huyo amemzidi mwenyeji kwa lolote, wala haiulizi kama mshahara wake upo.

Ugomvi huu, kwa hakika, haukuzaliwa kwetu. Waingereza, ambao mchezo wao tuliupokea pamoja na mengine tuliyoyapokea bila ya kuulizwa, waliweka sharti mwaka 1931 kwamba mchezaji wa nje sharti awe amekaa nchini mwao miaka miwili kabla ya kucheza, na mlango ule haukufunguliwa mpaka mwaka 1978. Desemba ya mwaka 1995 mahakama ya Ulaya ilimpa haki Mbelgiji Jean-Marc Bosman, na mipaka ya kuzuia raia wa Umoja wa Ulaya ikabomoka. Na miaka minne baadaye, tarehe 26 Desemba 1999, Chelsea iliteremka kucheza na Southampton pasi na Mwingereza hata mmoja katika wale kumi na mmoja wa mwanzo. La ajabu ni kwamba sisi tunaolaumu wageni wa Gor na wa Leopards ndio tunaojazana Jumamosi jioni katika vibanda vya mpira vya Kawangware, ambako ubao wa mlangoni umeandikwa kwa chaki Arsenal na saa yake, Liverpool na saa yake, na chini kabisa bei ya kuingia, na humo ndani hakuna anayeuliza pasipoti ya mtu maadamu gozi limetikisa wavu. Na mechi ya ligi yetu inayochezwa saa ile ile, mwendo wa matatu moja tu kutoka hapo, haikuandikwa ubaoni.

Nirudi kwa mgeni mwenye manufaa, maana huyu hasemwi vya kutosha. Mwaka 2015 Gor Mahia walitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi, na kocha wao alikuwa Frank Nuttall, Mskoti. Mbele alikuwapo kijana aliyetokea Thika United, Michael Olunga, aliyesoma Upper Hill, tena kwa wakati ule alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, pale Haile Selassie Avenue, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya reli. Katika kikosi kile alikuwamo Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda mwenye kuichezea Rwanda, na beki ya kushoto akisimama Godfrey Walusimbi wa Uganda. Olunga alifunga mabao 19 ya ligi msimu ule, akaondoka kwenda Djurgården ya Uswidi, akapitia China na Uhispania, na mwaka 2020 akiwa Kashiwa Reysol akafunga mabao 28 na kutangazwa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Sisemi kwamba Kagere ndiye aliyemfanya Olunga. Kipaji ni majaliwa, na bidii ni ya mwenyewe. Nasema hivi tu: mshambuliaji chipukizi anayefanya mazoezi kila asubuhi kando ya mshambuliaji aliyekomaa, akatazama namna anavyomtegea beki bega, namna anavyokaa kimya dakika ishirini kisha akachomoka mara moja, hupata darasa ambalo hakuna kitabu cha ukocha kinachoweza kulitoa. Na ya kuwa Kagere alikuwa na la kufundisha, Watanzania walilithibitisha, kwani alipohamia Simba mwaka 2018 aliongoza kwa mabao katika ligi yao misimu miwili mfululizo, 23 kisha 22.

Huyo ndiye mgeni ambaye kanuni ingepaswa kumtafuta. Lakini kanuni yetu humlinganisha yeye na yule mwingine tunayemjua sote, anayeletwa na wakala Januari kwa kanda za video zilizokatwa vizuri, akakaa benchi mpaka Juni kwa sababu kijana wa nyumbani anamshinda, kisha akaondoka kimya kimya na barua ya madai mkononi. Wote wawili huhesabiwa mmoja mmoja katika watano, kana kwamba hakuna tofauti baina yao.

Na hapo kwenye barua ya madai ndipo penye uchungu. Mwaka 2019, kampuni ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake, ukata uliingia katika ligi nzima. Sony Sugar walishindwa kufika viwanjani hata wakatolewa ligini, na wachezaji wengi, wenyeji kwa wageni, wakaanza kutawanyika. Tofauti ni kwamba mwenyeji asiyelipwa hana pa kulilia ila kwa mwenye nyumba wake, ama mgeni hupeleka shauri lake FIFA, nayo FIFA husikiliza. Ndivyo vilabu vyetu vikubwa viwili, vyote viwili, vilivyopata kufungiwa usajili kwa ajili ya malipo ya wageni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumempa jembe siku ya kwanza, na ujira hatukumpa hata mwezi wa tatu. Tena adhabu ile haikumdhuru mgeni, kwa kuwa yeye alikwisha kuondoka. Aliyepatwa nayo ni kijana wa Riruta au wa Kibra aliyekuwa amekwisha kubaliwa kusajiliwa, akaambiwa angoje mpaka klabu imalize deni asilolijua.

Juu ya makocha nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu huko hatuna kanuni ya idadi na bado maradhi ni yale yale. Dhana imetuganda kwamba kocha wa kweli hutua kwa ndege. Lakini Harambee Stars walipotwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983, aliyekuwa akiwaongoza ni Marshall Mulwa, mwananchi. Na tulipopata ushindi wetu wa kwanza kabisa katika fainali za Mataifa ya Afrika, tukiwafunga Burkina Faso 3–0 kule Tunisia mwaka 2004, benchini alikuwapo Jacob Mulee, ambaye Nairobi nzima inamwita Ghost. Lakini insafu ni insafu: lile Kombe la Washindi la mwaka 1987, walilolipata Gor mbele ya Espérance ya Tunis kwa sare ya 2–2 ugenini na 1–1 hapa Kasarani, lilipatikana chini ya Mwingereza Jack Johnson, na katika mataji yote waliyotwaa Gor tangu walipovunja ukame wa miaka 18 mwaka 2013 mpaka mwaka 2020, makocha walikuwa ni Williamson, Nuttall, Kerr, Oktay na Polack, wageni watupu. Mtu hawezi kuyafuta hayo kwa uzalendo.

Kilichonishughulisha mimi ni kile kilichobaki walipoondoka. Makocha watano katika muda wa miaka saba, kila mmoja na mfumo wake, kila mmoja akivunja alichojenga mwenziwe, na msaidizi mwenyeji akikaa pembeni kushika koni na kutafsiri. Nikiulizwa ni kocha gani wa kigeni aliyetufaa kupita wote, sitamtaja hata mmoja wa hao wenye makombe. Nitamtaja Mjerumani Bernhard Zgoll, aliyekuja miaka ya 1970 akaanzisha vituo vya Olympic vya kufunza vijana, na kizazi kilichong'ara katika miaka ya 1980 kikapita kwa sehemu kubwa mikononi mwa kazi ile. Kinyume chake ni habari ya Adel Amrouche, aliyefukuzwa mwaka 2014 baada ya timu ya taifa kutolewa na Lesotho, kabla ya mkataba wake kwisha. Shauri likafika FIFA, nalo likaligharimu shirikisho zaidi ya shilingi milioni 100. Hebu fikirini viwanja vingapi vya mtaa vingesawazishwa kwa fedha hizo.

Maana viwanja, jamani, ndio shina la neno. Upande huu wa magharibi wa mji, Dagoretti, Kawangware, Kangemi, Riruta, ndiko alikotoka Dennis Oliech, aliyeanza Dagoretti Santos, akapita Mathare United, akafika Qatar, kisha Nantes na Auxerre huko Ufaransa. Na kwa rai yangu, ambayo wengi hapa wataipinga kwa jina la Wanyama au la Mariga, hatujapata mchezaji mwenye ujasiri kama ule. Tazameni mazoezi ya jioni katika kiwanja chochote cha huku: vijana thelathini na mipira mitatu, mmoja umeshonwa, upande wa lango la chini ardhi imeinama, kwa hivyo winga wa kulia amejifunza kukimbia na mteremko na hajui kukimbia kinyume chake, kocha ni mwalimu wa shule au fundi seremala, anapuliza kipenga chake mwenyewe, hana leseni kwa sababu ada ya kozi inapita mapato yake. Na hatua chache kutoka huko, kando ya Ngong Road karibu na Jamhuri, unajengwa uwanja wa Talanta, wa watazamaji 60,000, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Naufurahia uwanja ule, na nikijaaliwa nitaingia. Ila mgeni hakumnyima kijana wa Kangemi nafasi. Kijana yule alinyimwa nafasi alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Najua pingamizi litakaloletwa, nalo ni zito. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, ambayo humruhusu tu mchezaji anayesakata soka katika ligi ya nchi yake, vijana wetu waliwafunga Kongo 1–0, wakawafunga Morocco 1–0 kwa bao la Ryan Ogam huku wakicheza kumi kipindi chote cha pili, wakaongoza kundi, mpaka Madagascar walipowatoa kwa penalti katika robo fainali. Watu wakasema: mmeona, bila mgeni tunaweza. Wamesahau aliyesimama mstarini, Benni McCarthy wa Afrika Kusini, mtu aliyebeba Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004. Wamesahau pia kwamba mabingwa wetu wa msimu uliotangulia, Kenya Police, waliupata ubingwa wakiwa na kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije, na kwamba mwaka ule ule Mohammed Bajaber alikwenda Simba, ambako yeye naye ni mgeni, kama walivyokuwa Francis Kahata na Joash Onyango kabla yake. Tukiwafungia jirani mlango, kwa hoja ipi tutaomba wao wawafungulie wa kwetu?

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, sitaki idadi iongezwe wala ipunguzwe; watano wabaki. Ninachotaka ni kwamba kabla mgeni hajapewa leseni ya kucheza, klabu iweke kwa shirikisho dhamana ya mishahara yake ya miezi sita, na ambayo haina fedha hizo isisajili mgeni hata mmoja. Na mgeni awe ameichezea timu ya taifa lake, ya wakubwa au ya vijana, isipokuwa golikipa, kwa sababu nitakazozieleza nikiulizwa. Kocha wa kigeni naye mkataba wake umtaje kwa jina msaidizi mwenyeji atakayemfunza, na mwisho wa msimu msaidizi huyo afanye mtihani wa leseni kwa gharama ya klabu. Kuhusu timu za vijana sina haja ya kurefusha, kwa kuwa kanuni za CAF za leseni za vilabu zimekwisha kuzitaka, na tatizo ni kwamba timu hizo huonekana siku ya ukaguzi tu.

Kiwango cha miezi sita najua kitawakera viongozi wa vilabu, na wawili watatu nawaona wamekaa safu ya nyuma. Ningependa kuwasikia wao kwanza.