Nani Atakaa na Watoto Wetu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za mitaa ya Masasi na Newala



Tumeombwa tuseme juu ya vijana wanaotaka kufanya kazi na watoto. Tutaanza na kosa letu. Kwa miaka kadhaa tuliwalipia ada vijana wa vyuo vya ualimu kwa kuangalia vitu viwili tu: matokeo ya kidato cha nne na barua ya mtaa. Hatukuuliza kama kijana anapenda kukaa na watoto. Mmoja wao alifundisha darasa la awali muhula mmoja, akaondoka kwenda kwenye biashara ya korosho, na kwa kipimo gani hatusemi. Hatumlaumu. Aliyetaka ualimu ni mjomba wake, na mjomba alichotaka ni mshahara wa serikali.

Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, kauli ya mjomba ni nzito. Basi tukimwita kijana kwenye usaili, tumwite na mjomba wake, aelezwe ukweli mapema. Walimu wengi waliohitimu wamesubiri ajira kwa miaka. Mlezi wa kituo cha watoto wadogo mara nyingi huanza kwa posho ndogo inayochangwa na wazazi, na mwezi ambao wazazi hawana, naye hana.

Wapo wanaosema kufundisha watoto wadogo ni kazi ya aliyekosa nyingine. Neno hilo ni la zamani. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza kazi huku wakiifanya. Watu waliwacheka, wakawaita walimu wa UPE. Lakini wengi wetu tuliomo humu ndani tulijifunza kuandika majina yetu mbele ya walimu hao hao.

Tukirudi nyuma zaidi, Askofu Steere alifika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani. Kati ya watoto waliokombolewa enzi hizo alikuwamo Cecil Majaliwa, Myao, aliyesomeshwa Kiungani, Unguja. Alikuja kufanya kazi Chitangali, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alikuwa mtoto asiye na baba wala mjomba karibu. Kuna watu walioamua kwamba kazi yao ni kukaa na watoto wa namna hiyo.

Na wenye ujuzi hawakutoka ng'ambo peke yao. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulifuta jando. Yeye na mapadre na wazee wa huku walilifanya liwe la Kikristo, kwa sababu waliona kuwa pale ndipo kijana anaposikiliza. Tunapotafuta watu wa kuzungumza na vijana, tusiwapite makungwi. Tuwaombe pia, kwa heshima, sherehe zisivuke siku za likizo, maana kila mwaka wapo watoto wanaochelewa kurudi darasani, na wapo wasiorudi kabisa.

Kuna msichana mmoja wa upande wa Newala, jina tunaliacha. Maji ya bomba yanapokatika na kina mama kupanga madumu foleni tangu alfajiri, yeye alikuwa akikusanya watoto chini ya mkorosho na kuwafundisha kuhesabu kwa korosho zilizodondoka. Hakuna aliyemtuma. Mjomba wake alitaka asomee uuguzi. Tulimwomba aje atazame asubuhi moja tu. Alikaa mpaka jua la saa sita, kisha akauliza swali moja: "Ada ni nani atalipa?" Tulimjibu kuwa tutalipa sisi. Sasa yuko chuoni, na awamu ya pili ya ada bado hatujaipata.

Jambo jingine ni zito. Si kila anayependa kuwa karibu na watoto apewe watoto. Alikuja mtu mwenye vyeti safi na maneno mazuri; tulipokwenda kuuliza kijiji alikotoka, majirani walitueleza mengine. Tulimkataa, na kituo kikakaa bila mlezi muhula mzima. Wazazi walitulalamikia. Tungefanya hivyo tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatudai sote tumlinde mtoto, na kamati inayoandika barua bila kuuliza majirani haijafanya kazi yake.

Tangu ada ifutwe mwaka 2016, madarasa ya awali yamejaa. Tunaomba kila mtaa ulete majina mawili. Kijana awe amekaa mwezi mzima na watoto, mwalimu akimtazama, na mjomba aje naye.

Kuhusu fedha, tunajua ahadi za mwezi wa Julai hazilipiki mpaka minada ya korosho ianze Oktoba. Chuo hakisubiri minada. Pengo hilo la miezi mitatu ndilo tunalowaomba wafadhili watushikie, na mitaa irudishe korosho zikiuzwa. Mhazini amekaa pale mlangoni na daftari lake.