Nyuma ya Kila Medali Kuna Mtu wa Kijijini

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Elgeyo Marakwet kuhusu kuwaenzi wanariadha, makocha na watu wanaojitolea michezoni. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuisikia.

  

Wageni wanaofika Iten husimama barabarani, kwenye lango linalotangaza kwamba hapa ni makao ya mabingwa, wakapigwa picha. Kwa mwenyeji, lango hilo limekuwa kitu cha kawaida kama mti wa kando ya njia. Lakini maneno yaliyoandikwa pale ni makubwa, na kuna watu walioyafanya yawe kweli. Wachache kati yao wameandikwa kwenye vitabu vya rekodi za dunia. Walio wengi hawajawahi kutajwa hata kwenye baraza la chifu. Leo ni siku ya kuwataja wote kwa pamoja, kwa maana wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Wanaojulikana waanze. Moses Kiptanui, mzaliwa wa Marakwet, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo: 1991, 1993 na 1995. Mwezi wa Agosti 1995, mjini Zurich, alitumia dakika 7 na sekunde 59.18, akawa mtu wa kwanza duniani kumaliza mbio hizo kwa chini ya dakika nane. Sally Barsosio, binti wa Keiyo, alishinda shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya 1993 akiwa na miaka 15 tu. Miaka minne baadaye, mjini Athens, alishinda dhahabu ya mbio hizo hizo, na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Mabinti wengi wanaoonekana alfajiri kwenye barabara za vumbi leo wanapita njia aliyoifungua yeye.

Kisha kuna Kelvin Kiptum wa Chepkorio. Desemba 2022 alikimbia marathoni yake ya kwanza, mjini Valencia, akashinda. Aprili 2023 akashinda London. Tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Chicago, alimaliza kwa saa 2 na sekunde 35, rekodi mpya ya dunia. Mbio tatu tu za marathoni, ushindi mara tatu.

Mchunga ng'ombe na mgeni kutoka Rwanda

Watu wengi wanaijua saa ya Kiptum. Si wengi wanaojua habari za Gervais Hakizimana. Huyu alikuwa mwanariadha kutoka Rwanda aliyekuja kufanya mazoezi katika nyanda hizi za juu. Aliwahi kuwaeleza wanahabari kwamba alipomwona Kiptum mara ya kwanza, Kiptum alikuwa kijana mdogo anayechunga mifugo, hana viatu, na alikuwa akiwafuata wakimbiaji kwa nyuma wakiwa mazoezini. Hakizimana alisema kwamba mwanzoni alikuwa akimfukuza.  Lakini miaka ilivyopita akawa kocha wake.

Shirikisho la riadha la dunia liliidhinisha rekodi ya Chicago tarehe 6 Februari 2024. Siku tano baadaye, usiku wa tarehe 11, Kiptum na Hakizimana walifariki pamoja katika ajali ya gari eneo la Kaptagat. Kiptum alikuwa na miaka 24. Kaunti nzima ililia, na dunia ikalia nayo. Katika msiba ule, jina la mwanariadha lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na ni haki yake. Lakini kila mara Chepkorio inapomkumbuka mwanawe, imkumbuke pia mgeni aliyekuja kuwa kocha wa mtoto yule asiye na viatu.

Kocha ndivyo alivyo. Kazi yake huanza miaka mingi kabla kamera hazijafika. Mnamo 1976 Colm O'Connell, bruda kutoka Ireland, alifika shule ya upili ya St Patrick's Iten kufundisha jiografia. Hakuwa na mafunzo ya ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wakikimbia na kwa kuwasikiliza. Shule hiyo ndiyo iliyomlea Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji huko Barcelona 1992. David Rudisha, mzaliwa wa Kilgoris kaunti ya Narok, alikuja hapa akiwa kijana, akanolewa na Bruda Colm. Tarehe 9 Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, aliongoza mita 800 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 40.91.

Katika uwanja wa shule hiyo kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi waliofika kilele cha riadha duniani. Mti hauhitaji bajeti kubwa. Unahitaji mche, jembe na mtu wa kuumwagilia. Mwanafunzi wa leo anayepumzika chini ya kivuli chake anasoma jina la mtu aliyekaa darasa kama lake na kula githeri kama yake. Heshima ya namna hiyo iko ndani ya uwezo wa kila shule na kila wadi katika kaunti hii.

Wasiovaa namba kifuani

Ndugu wananchi, hakuna mashindano ya zoni yanayofanyika bila watu wa kujitolea. Kabla mtoto hajafika ngazi ya kaunti ndogo, kaunti na hatimaye taifa, lazima mtu aamke mapema achore mistari ya uga kwa chokaa au majivu. Lazima mtu ashike saa, mwingine ahesabu mizunguko, mwingine aandike namba za waliomaliza kabla hawajachanganyika. Lazima awepo mama wa kuchemsha maji na kupika chakula cha watoto waliotoka nyumbani bila kunywa chai, na kijana wa bodaboda anayetangulia mbele ya wakimbiaji ili magari yapunguze mwendo.

Walimu ndio wabebaji wakubwa wa mzigo huu. Mwalimu wa michezo humaliza vipindi vyake, kisha hubaki ugani hadi jua linazama. Mtoto anapokosa nauli ya kwenda mashindanoni, mara nyingi nauli hiyo hutoka kwenye mfuko wa mwalimu. Viatu vya kukimbilia huazimwa kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Kiptum mwenyewe, katika siku zake za mwanzo, aliwahi kukimbia kwa viatu vya kuazima. Aliyemwazima mtu viatu siku moja huenda asijue kamwe alichangia nini.

Kukimbia kunaweza pia kuleta amani. Jirani katika kaunti ya Pokot Magharibi, Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York mnamo 1994, alianzisha wakfu wake wa amani mwaka wa 2003 na kuandaa mbio zilizowakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikivamiana kwa sababu ya mifugo. Wakazi wa Bonde la Kerio wanajua bei ya uvamizi. Mtu anayejitolea kuwakutanisha vijana wa pande mbili kwenye mstari mmoja wa kuanzia mbio anastahili kuheshimiwa kama bingwa.

Heshima inayolinda

Kuenzi si kuvisha shada la maua peke yake. Mnamo Septemba 2021 Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa 2015, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee: dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa nyumbani mwake hapa Iten. Alikuwa na miaka 25. Wanariadha wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels kupambana na dhuluma za kijinsia, kwa sababu waliona kwamba msichana anayeanza kupata pesa za mbio anaweza kuzungukwa na watu wanaozitaka kuliko wanavyomtaka yeye.

Kwa hivyo jamii inayosema inawaheshimu mabinti wake haina budi kuwauliza hali zao. Mzazi amtembelee binti yake anakokaa mazoezini. Jirani akisikia kelele za kipigo asifunge dirisha. Chifu akipelekewa malalamiko asiwarudishe wahusika wakamalizane nyumbani. Kocha anayemwachia mwanariadha wake pesa zake na maamuzi yake aheshimiwe hadharani, ili wengine wajue ndiyo njia ya kufuata.

Vivyo hivyo kwa dawa za kusisimua misuli. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kupambana nazo, na shirika la taifa la kusimamia kazi hiyo lipo. Lakini sindano haianzii kwenye maabara. Inaanza na rafiki anayemwambia kijana kwamba wote wanafanya hivyo. Kocha anayekubali mwanafunzi wake awe wa nane kwa jasho lake kuliko wa kwanza kwa udanganyifu huenda asipate kombe mwaka huo. Jamii ndiyo inayopaswa kumpa kombe hilo.

Viwanja ni sehemu ya heshima hiyo pia. Uga wa Kamariny ulipofungwa ili ukarabatiwe, kusubiri kulichukua miaka mingi, na wanariadha wakateremka Tambach kufanya mazoezi yao kwenye uga wa udongo wa chuo cha walimu. Hawakuacha kukimbia. Katiba ya 2010 imeweka michezo na viwanja vyake miongoni mwa majukumu ya kaunti, na mkazi ana haki ya kuuliza kuhusu jukumu hilo katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti. Anayefika kwenye vikao hivyo na kuutetea uga wa wadi yake naye ni mtu wa kujitolea.

Nini kifanyike

Tarehe 20 Oktoba kila mwaka ni Siku ya Mashujaa. Kila kijiji kinaweza kuifanya siku hiyo kuwa yake. Kila shule ifungue daftari na kuandika majina: mwalimu aliyeanzisha timu, kocha wa mtaa, mama wa jikoni, kijana wa huduma ya kwanza, mzee anayeruhusu watoto wakimbie katika shamba lake baada ya mavuno. Waitwe mbele ya watu wakiwa hai, wasikie kwa masikio yao. Waliotangulia mbele za haki, familia zao ziitwe. Upandwe mti, na mtoto wa darasa la chini apewe kazi ya kuumwagilia.

Na wanariadha waliofanikiwa waombwe jambo moja: warudi siku ya mashindano ya zoni. Si lazima waje na hundi. Waje washike saa, wahesabu mizunguko, wamfunge mtoto kamba za viatu. Mtoto huyo hatasahau, na mwalimu wake atajua kwamba jioni zote zile za kubaki ugani zilionekana.

Shukrani ya punda ni mateke, lakini watu wa nyanda hizi na wa bonde si punda. Kwa kila aliyekimbia, aliyefundisha na aliyejitolea: asanteni sana. Kongoi mising. Mungu awabariki, aibariki Elgeyo Marakwet, na aibariki Kenya.