Kilio cha Sungura

Tulipokuwa wageni Texas, nchini Marekani, mfugaji mmoja wa kondoo alitupeleka alfajiri kuwinda koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa afananaye na mbweha wetu. Tuliketi kichakani, upepo ukitupiga usoni. Mwenyeji wetu akapuliza filimbi iliayo kama sungura aliyejeruhiwa. Koyoti hakuja moja kwa moja. Alizunguka apate kunusa upepo, na hapo risasi ikampata. Mfugaji yule alikuwa amepotewa na wanakondoo, nasi hatumlaumu. Lakini njiani tulinyamaza, tukikumbuka ni mara ngapi tumesikia kilio cha mnyonge, tukakikimbilia kwa njaa yetu wenyewe. Akatuuliza kama tumechoka. Tukamjibu kwamba tumechoka.