Kutulia kwa Mwasho Si Kupona



Choa huletwa na fangasi. Huanza kama alama ya duara, yenye magamba ukingoni na mwasho mwingi. Wengi wetu hukimbilia dukani kuomba krimu ya mwasho, na hapo ndipo tunapowaasa mtahadhari.

Baadhi ya krimu hizo zina steroidi, kama vile betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, lakini haiui fangasi. Hudhoofisha kinga ya ngozi. Duara hupoteza umbo lake huku ugonjwa ukizidi kuenea. Ikipakwa kwa muda mrefu, ngozi huwa nyembamba na yenye michirizi.

Kabla ya kulipa, someni viambato kwenye boksi, na msivyovitambua mwulizeni mfamasia. Krimu ya klotrimazoli hutibu choa cha mwilini; msiache kuipaka kabla ya muda mlioelekezwa, hata alama ikitoweka. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu peke yake: mtoto apelekwe kituo cha afya apate dawa ya kumeza. Krimu isiyo na lebo msiinunue.