Mdaiwa Asijifiche



Somo letu ni 2 Wafalme, mlango wa 4, aya ya 1 hadi ya 7. Mjane mmoja alimlilia Elisha. Mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa ameacha deni, na mwenye kumdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Basi tusifanye haraka kusema kwamba kila mwenye deni ni mpotevu.

Siku hizi sheria hairuhusu mtu achukuliwe mtumwa. Lakini yuko mtu ambaye benki ilimruhusu atoe fedha zaidi ya alizoweka. Riba inapanda, na mshahara ukiingia humezwa kabla hajanunua unga. Mtu huyu huweka barua za benki chini ya godoro bila kuzifungua. Hukopa huku apate kulipa kule. Mkewe hajui lolote.

Mjane alifanya nini? Kwanza, alisema. Pili, alipoulizwa ana nini nyumbani, aliitaja chupa yake ya mafuta, hakuificha. Tatu, mafuta yalipoongezeka, aliambiwa auze, alipe deni, ndipo yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia.

Nayo Sheria ya Ufilisi ya Kenya, ya mwaka 2015, yamtaka mdaiwa aseme kweli. Asiyeweza kulipa aweza kuiomba Mahakama Kuu imtangaze kuwa muflisi. Huorodhesha mali na madeni yake yote, na mali hiyo husimamiwa kwa ajili ya wanaomdai. Kwa kawaida hufunguliwa miaka 3 baada ya kutoa orodha hiyo. Asiye na mali ya kuuzwa, na ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000, aweza kupata njia nyepesi zaidi ya miezi 12. Lakini akionekana ameficha mali, njia hiyo hufungwa. Hata Israeli waliamriwa kuachilia madeni kila mwaka wa saba, katika Kumbukumbu la Torati 15.

Lakini ndugu, usiukimbilie mlango huo. Kwanza mwone meneja wa benki, umwombe muda na malipo madogo madogo. Deni lililopatikana kwa udanganyifu halifutwi. Shamba uliloweka rehani laweza kuuzwa. Na yule shemeji aliyekutilia sahihi kuwa mdhamini hafunguliwi pamoja nawe. Benki itamgeukia yeye. Basi nenda kwake leo, kabla hajapata habari kwa karani wa korti. Ni vigumu, lakini ndiyo haki.

Nawe mama, mumeo akikuambia usiku wa leo, msikilize mpaka mwisho kabla ya kumlaumu.

Na tuombe. Ee Bwana, uwape wadaiwa ujasiri wa kusema kweli, na wanaodai moyo wa huruma. Utufundishe sote kuishi kwa kile tulicho nacho. Amina.